Mwenye Kushika Rangi

Michée aliingia kwenye ua wa parcelle yetu mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

"Yaya Chadrack! Zawadi za jeu za ku televisheni zilitoka kule Amerika! Ulisikia?"

Yaya wangu Chadrack, kaka yangu mkubwa, alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amepindua baiskeli yake magurudumu juu, anapaka mnyororo mafuta. Hakuinua kichwa.

"Nilisikia."

"Alafu? Jeu gani ilibeba ushindi?"

"Sijue."

Mimi nilikuwa nachambua maharage. Mkono wangu ulibaki ndani ya sinia. Michée ni kijana wa jirani, na tangu utoto wake anayashika maneno ya Chadrack kama katekisimu. Alinitazama, kama kwamba mimi ndiye wa kumwambia kama mtu huyu ni mgonjwa.

"Namna gani hujue? Weye?"

"Minye."

"Aba! Mama Clotilde, kuya uone, balibadilisha mutoto yako ku kazi!"

"Kama balimubadilisha," Mama akajibu toka kwenye mbabula, jiko lake la makaa, akipepea makala, "ule mupya akuye aoshe masahani. Wa zamani alinishindaka."

Chadrack alicheka kidogo, kwa pua tu, akaendelea na mnyororo. Lakini niliona kwamba alikuwa anapaka mafuta fasi ileile aliyokwisha kupaka.

Chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye mlango wa upande wa avenue, tunakiita salle. Zamani, Chadrack alipokuwa kijana wa kubaleghe, mjomba alirudi toka Kasumbalesa, mpakani, na mashine ya kuchezea jeu, michezo ya televisheni: nyeusi, nzito, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu, na manette zake mbili za kushika mkononi. Televisheni tulikuwa nayo, ile ya mgongo mkubwa. Shida ilikuwa waya wa kuunganisha hizo mbili. Ulikuwa umelegea pale unapoingia. Ukiuacha peke yake, picha inakuja bila rangi, kijivu tupu, na timu mbili za mpira hazitofautiani. Ukiusukuma kidogo upande mmoja kwa kidole, ukakaa hivyo bila kutikisika, rangi inarudi. Nyasi zinakuwa nyasi.

Kidole hicho kilikuwa changu. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nimemaliza darasa la sita na hapakuwa na pesa ya la saba, kwa hiyo nafasi nilikuwa nayo. Nilikaa kando ya televisheni, mgongo ukutani, kidole kwenye waya. Kutoka pale huoni picha vizuri, unaona nyuso za wanaocheza. Mimi mchezo niliujua kwa nyuso: nani ameshafunga bao, nani anakaribia kudanganya, nani atatoka nje na kusema moshi wa makala ndio umemtoa machozi. Waliniita Laure wa Rangi. Nikipiga chafya tu, salle nzima inapiga kelele: "Laure! Rangi!"

Na kila Desemba kulikuwa na zawadi. Huko Amerika, Chadrack alituambia, watu wanavaa vizuri, wanakaa kwenye ukumbi kama wa arusi, wanachagua jeu ya mwaka. Yeye alishuka mjini kwa miguu mpaka kwenye cyber, penye internet, akasoma, akarudi chini ya mvua na majina yote kichwani. Alipanda juu ya kasha la bia. Sisi wote chini, tunangoja. Alianza na zawadi ndogo, ya muziki, ya michoro, ya hadithi. Jeu yenyewe ya mwaka aliiweka mwisho, na kabla ya kuitaja aliomba maji. Alikunywa polepole, yule mtu! Michée, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado kuota, alikuwa anamvuta suruali: "Sema, Yaya! Sema basi!"

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona jeu zile. Tulizipenda kwa majina.

Jumamosi iliyofuata tulifanya zawadi zetu wenyewe. Vijana waliokuwa wanachimba shaba Kamatanda walituletea vipande vya mawe ya kijani, vidogo, visivyofaa kuuzwa. Kila mtu alipata jiwe lake. Disque zetu chache, zile sahani zenye jeu, tulizipanga kwenye mkeka, na mbele ya kila moja kopo tupu la maziwa. Unaingia peke yako, unatia jiwe kwenye kopo la jeu unayoipenda, unatoka. Waliobaki nje wanatega sikio, maana kila kopo lina mlio wake, halafu wanabishana. Jeu iliyoshinda, karatasi ya jalada lake ilipigiliwa ukutani, na Mama alimimina munkoyo, kinywaji chake cha mahindi, kwenye kikombe kimoja kikubwa cha aluminium, tukapokezana mpaka kikaisha.

Kila mara ilishinda jeu ya mpira. Kila mwaka Chadrack alileta mpya, toka kwa Séraphin, muuza disque wa karibu na soko, na jalada lake linanuka wino. Lakini jeu ile ilikuwa na tabia. Ikifika nusu ya pili, wachezaji wanasimama. Mpira hewani, refa mdomo wazi, hakuna anayejongea.

"Si kuharibika," Chadrack alieleza mara ya kwanza. "Bazungu batengeneza vile makusudi. Bachezaji banakunywa maji."

Tukakubali. Mwaka uliofuata jeu mpya nayo ikasimama palepale. "Munaona? Hata huu mwaka banakunywa." Michée alikuwa anangoja na manette mapajani, kwa heshima kabisa, kama mtu anayengoja padre amalize kusali. Halafu Chadrack anagonga mashine kidogo kwa kifundo cha kidole, na mpira unaanguka.

Sasa Chadrack ni mtu wa kiwanda. Anaondoka na baiskeli asubuhi, anarudi na vumbi la shaba kwenye nyusi. Simu yake ni nzuri, anaweza kuona ukumbi ule wa Amerika wenyewe, na nguo za watu, na kila jeu inayotoka. Mwaka juzi aliangalia mpaka mwisho. Mwaka jana aliangalia nusu. Mwaka huu, "Sijue."

Jioni ya siku ile Michée alipokuja mbio, tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Mama alisafisha koo.

"Laure, ile chumba ya mbele inalala bure. Julie, ule mushonaji wa ku avenue, anaomba fasi ya kuweka mashine yake ya kushona. Nilimuambia angoje."

"Mama, salle ni ya Yaya."

"Yaya gani? Ule mwenye haingiake tena? Panya njo benye salle leo."

Nilimtazama Chadrack. Alikuwa anakanda tonge la bukari, anakanda tu, hali.

"Mama njo mwenye nyumba," alisema.

"Unaona?"

Mimi si mtu wa kubishana na Mama, lakini maneno yalitoka: "Acha kwanza Jumamosi ipite, Mama. Tutafanya zawadi kama zamani. Bantu bakikuya, chumba inabakia salle. Basipokuya, Jumatatu Julie alete mashine yake."

Mama alinipima kwa macho. "Sawa. Lakini nitahesabu bichwa, Laure. Machozi sihesabake."

Wiki ile nilifanya kazi kama mtu anayengoja arusi. Niliondoa magunia ya makala ya Mama kwenye salle, nikaosha kuta, nikapigilia upya majalada yaliyokuwa yananing'inia kwa msumari mmoja. Makopo niliyaomba kwa majirani. Mawe ya kijani yalikuwapo bado, ndani ya soksi kuukuu ya Chadrack. Niliyaosha, yakang'aa kama jana. Halafu nilienda kuwatafuta wachezaji wa zamani. Mmoja anaendesha taxi-bus ya Kambove, nilimngoja kwenye parking mpaka akaja. Mwingine amekuwa baba wa mapacha. "Kama bibi ananiachilia, nakuya," alisema. Bibi yake akatokeza kichwa mlangoni: "Ninamuachilia, lakini aende na pacha mumoja."

Michée alifurahi kuliko wote.

"Nitaleta mashine yangu mupya, Laure, ile Yaya wangu alitumaka toka Lubumbashi. Na écran plat, televisheni bila mugongo. Ile jeu ilibeba zawadi, niko naishusha ku internet tangu juzi."

"Na waya?"

"Waya gani? Hii inaingia tu, toc! Haiombake kidole ya muntu."

Hakusema kwa ubaya. Nilikwenda kuchota maji.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi, halafu jua likatoka na mabati yakaanza kulia. Nilidhani hawatakuja. Wakaja. Dereva wa Kambove alikuja, baba wa mapacha alikuja na pacha wake mgongoni, na wadogo wa avenue wakajaza dirisha. Chadrack alirudi toka kazini, akanawa uso, akaingia, wote wakapiga kelele: "Président! Président!" Alipeana mikono na kila mtu. Mama alipita mlangoni, nikaona midomo yake inahesabu. Akarudi nyuma. Baada ya kidogo nilisikia anachuja munkoyo.

Basi nilikuwa nimeshinda. Salle imebaki yetu. Nilimpa kila mtu jiwe lake.

Michée alipanda juu ya kasha la bia. Ndiyo, lile lile. Simu mkononi, sauti ameinenepesha.

"Zawadi ya muziki..."

"Hiyo niliona," mmoja alisema.

"Zawadi ya hadithi..."

"Hiyo nayo tuliona. Ruka!"

"Mungoje. Sasa, jeu ya mwaka." Akanigeukia. "Laure, unipe maji."

Nilimletea. Hata hajafikisha kikombe mdomoni, watu watatu walikwisha kulitaja jina la jeu, kila mmoja na simu yake, na wa nne akaongeza kwamba haikustahili. Michée alishuka toka kwenye kasha na maji yake kikombeni. Alitafuta mahali pa kuyaweka.

Halafu aliwasha mashine. Lazima niseme ukweli: ile jeu ilikuwa nzuri. Unaona jasho kwenye shingo ya mtu. Unaona upepo kwenye majani, na kila jani lina njia yake. Watu walisema "Eeh!" mara moja, mara mbili. Baadaye dereva wa Kambove alianza kuandika ujumbe. Baba wa mapacha alianza kuonyesha picha za pacha aliyebaki nyumbani. Wadogo wa dirishani walikuwa wanaangalia jeu nyingine kwenye simu moja, vichwa pamoja. Chadrack alipewa manette, akacheza kwa adabu, kama mtu anayeonja chakula cha jirani, akampa aliye kando yake.

Mimi nilijikuta nimekaa kando ya écran, mgongo ukutani. Sijui ni nani aliyenituma pale. Mkono wangu ulikuwa umeinuka kidogo, na haukuwa na kitu cha kushika. Nilizitazama nyuso, kama nilivyozoea. Hapakuwa na kitu cha kusoma. Na nilipotafuta uso wa Chadrack, nikaona nafasi yake tupu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa karibu na mbabula ya Mama.

"Yaya, jeu haikupendeze?"

"Ni muzuri. Nani alisema ni mubaya?"

"Alafu?"

Alichukua kijiti, akachokoa makala. "Laure, zamani minye njo nilikuwaka naleta habari. Nilikuwa natembea toka mjini, mvua iko napiga, minye niko nasema majina tu, nisiyapoteze mu njia. Sasa habari inanifikia mbele ya minye kuitafuta. Jeu mupya leo, jeu mupya kesho. Naangalia kama vile muntu anaangalia mvua ya bantu bengine." Akachokoa tena. "Nilifikiri labda niko muchovu juu ya kazi. Lakini hapana. Hamu njo ilienda."

"Hata ya ile ya mpira?"

"Ile ya mpira?" Akaanza kutabasamu peke yake. "Ile haina hata mupya, Laure."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Disque ilikuwa moja. Miaka yote. Iko na mukwaruzo kama ndoano ya samaki, pale pembeni. Weye ulikuwa unanipa niishike wakati unafungua mashine. Mwaka wa kwanza ndoano, mwaka wa pili ndoano."

Chadrack aliacha kijiti ndani ya moto.

"Na hukusema!"

"Ningesema ya nini? Ulikuwa na furaha sana na jalada lako."

"Minye?" Alishika kichwa. "Minye njo nilienda kwa Séraphin! Nilimuomba anitengenezee jalada mupya, kila Desemba! Jeu mupya ya kweli hakukuwa nayo. Bale batoto bananingoja, weye unaningoja na kidole yako, ningerudi mikono mitupu? Nilifanya juu yenu, kwa furaha yenu!"

"Shiye nasi tulinyamaza juu yako."

"Tulinyamaza? Nani tena alijua?"

"Mama."

"Mama!"

"Wino ya jalada ilikuwa inamuchafulia kitambaa ya meza."

Alicheka. Si kwa pua. Alicheka mpaka akakaa chini kabisa, kwenye udongo wenye maji, na suruali yake safi. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu aanze kazi. "Na maji!" alisema, akipangusa macho. "Bazungu banakunywesha bachezaji maji! Na Michée anangoja, masikini, kama ku misa!"

Tuliporudi ndani watu walikuwa wanaaga. Kila mtu alisema ilikuwa vizuri, tufanye tena. Michée alikunja waya yake safi, akaondoka na écran kichwani, wadogo wakimfuata. Makopo yalikuwa tupu. Mawe niliyaokota yote, moja dirishani, mengine kwenye mkeka, jingine ndani ya kikombe cha maji cha Michée. Hakuna aliyekumbuka kuchagua.

Mashine ya zamani ilikuwa chini ya kitanda changu, nimeifunga ndani ya kitenge. Niliitoa. Chadrack aliburuta televisheni ya mgongo mkubwa toka kwenye kona. Tulipuliza vumbi. Picha ilikuja, kijivu. Mimi nikaenda kwenye nafasi yangu, kidole tayari.

"Hapana," Chadrack alisema. "Weye utacheza."

"Minye sijue."

"Miaka yote uko pale na hujue?"

"Niliangalia ninyi, sikuangalia mpira."

"Basi leo angalia mpira." Akakaa pale pangu, mgongo ukutani, magoti yake marefu yamefika kwenye masikio, akasukuma waya kwa kidole chake kinene chenye mafuta ya mnyororo. Rangi ikaja. Sikujua kwamba ni nzuri hivyo. Kwa miaka mimi ndiye niliyeishika, na sikuwa nimewahi kukaa mbele yake.

Nilicheza vibaya. Nilimfunga kipa wangu mwenyewe. Chadrack alicheka, mkono ukatikisika, rangi ikapotea.

"Yaya! Rangi!"

"Pardon, pardon."

Alikuwa ananiangalia usoni, na nilijua anasoma nini.

Mama aliingia na kikombe kikubwa cha aluminium. Alitutazama, akatazama makopo, akatazama ukuta wenye majalada yake, yote ya jeu moja.

"Nilihesabu," alisema. "Bantu balijaa. Nilitoa neno, chumba ni yenu. Julie nitamutafutia fasi ingine."

Chadrack alinitazama. Aliniachia mimi. Na mimi, ambaye wiki nzima nilikuwa naomba hilo tu, nilisikia mdomo wangu unasema polepole:

"Hapana, Mama. Jumatatu Julie alete mashine yake."

"Eh? Na weye balikubadilisha?"

"Bale bantu balikuya sababu niliwaomba. Kesho kutwa hawatakuya. Hii mashine ni ndogo, tutaiweka ku salon, pembeni ya kabati. Inahitaji bantu babili tu."

Mama alimgeukia Chadrack. "Unasikia mudogo yako?"

"Ninasikia."

"Majalada je?"

"Moja tutaenda nayo," Chadrack alisema. "Zote ni moja."

Mama alishindwa kuzuia kicheko, akatazama pembeni ili tusimwone. Alimpa Chadrack kikombe. Kwenye televisheni nusu ya pili ilikuwa imeanza, na wachezaji wakasimama, mpira hewani, refa mdomo wazi. Nilitaka kunyoosha mkono nigonge mashine.

"Acha," Chadrack alisema. "Bakunywe kwanza."

Akaachilia waya ili ashike kikombe kwa mikono miwili. Picha ikawa kijivu. Alikunywa polepole, kama zamani juu ya kasha, halafu akanipitishia mimi. Munkoyo ilikuwa tamu na bado ya vuguvugu. Sikujua tena timu yangu ni ipi. Nilikunywa, nikampa Mama, na tukangoja.